Mheshimiwa, ule unga mweupe bado unauzwa

Kwako Mheshimiwa uliyekabidhiwa ukaguzi wa vyakula huku kwetu,

YAH: CHUMVI YA SOSEJI ISIYO NA MAANDISHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni muuza chips wa Mabatini, Mwanza, mwaka wa 11 sasa. Najua una majukumu mengi, ndiyo maana nimevumilia tangu Machi. Jumamosi iliyopita uvumilivu uliniishia.

Usiku huo mdogo wangu alinipigia simu analia. Kwenye nyumba aliyopanga kuna kijana anatengeneza soseji uani. Shemeji yangu aliishiwa chumvi maharage yakiwa jikoni, akaenda kuomba kwa huyo jirani. Mwenyewe hakuwepo, mtoto aliyekuwa pale akampa kimfuko cha lailoni chenye unga mweupe, hakuna hata herufi moja. Wakubwa walikuwa hawajala bado. Mtoto wao wa miaka 4 alikula kwanza, na haikupita muda midomo ikawa kama ya aliyetoka kula zambarau, anahema kama kakimbizwa. Hospitali walipomtoa damu ilikuwa ya kahawia, rangi ya chokoleti. Daktari akatuambia: hii siyo chumvi, ni nitriti ya sodiamu, na ikizidi mwilini damu inashindwa kubeba oksijeni. Akamchoma dawa ya buluu kama wino. Mtoto kageuka buluu, anatibiwa kwa buluu. Ningecheka kama asingekuwa wetu. Amepona, Mungu ni mwema. Mama yake mpaka leo chumvi anaionja kwanza kwa ncha ya ulimi.

Naomba nikukumbushe, kwa heshima zote. Machi ulituita wauza vyakula, tukapewa maji ya chupa, ukasema ndani ya miezi mitatu hakuna kiungo kitakachouzwa bila jina wala kipimo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Labda ulikuwa unahesabu kwa kalenda nyingine.

Wakaguzi wako walikuja, sikatai. Waliangalia kofia yangu, aproni yangu, wakaniandikia faini kwa ajili ya kucha. Kucha zangu sasa ni fupi, Mheshimiwa. Soseji hakuna aliyezigusa.

Siombi upige marufuku. Umeme ukikatika, friji langu linageuka kabati, na unga huo ndio unaozuia vijidudu vya botulizimu, vinavyotoa sumu kali kwenye chakula, visiote ndani ya nyama. Ndio pia unaoifanya soseji ibaki na wekundu wake hata ikiiva. Shida ni kiasi. Kanuni za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, zinataka mabaki yasizidi miligramu 80 katika kilo ya nyama, na Ulaya wameshusha tena viwango vyao tangu Oktoba 2025. Tuseme mtu anatia miligramu 150 kwa kilo wakati wa kutengeneza, maana sehemu hupungua kabla ya kubaki mabaki: kijiko kimoja cha chai cha unga halisi, kama gramu 5, kinatosha kilo 33. Yule kijana ana nyama ya kilo 6 na kijiko kimejaa. Nilimuuliza anapimaje. "Kwa jicho, bro." Marekani wanauchanganya na chumvi nyingi, kisha wanautia rangi ya pinki ili mtu asikosee jikoni. Wetu ni mweupe pe. Nahisi kuna mtu anafungua mifuko mikubwa ya viwandani na kuugawa unga kwenye vimifuko. Sokoni wengine wanasema unapita mpakani. Kuchunguza ni kazi yako, siyo ya muuza chips.

Na sisi tunaumia. Mteja wangu mmoja, mwalimu, alinionyesha kwenye simu kwamba mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka nyama ya kusindika kundi moja na sigara, na kwamba gramu 50 kila siku zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Nikamwambia kundi hilo linapima uhakika wa ushahidi, halisemi soseji ni hatari sawa na sigara. Akanunua chips kavu. Nikapunguza moto, maana mafuta yakiwa makali nitriti inazaa nitrosamini, kemikali zinazohusishwa na saratani. Wateja wakalalamika soseji haijakauka. Zamani nilimaliza pakiti nne kwa usiku. Sasa moja inalala. Ada ya mwanangu wa kidato cha pili haijui habari za nitrosamini.

Ombi langu ni moja. Unga ule usiuzwe bila maandishi na bila rangi. Maandishi na rangi, Mheshimiwa. Njoo Mabatini bila msafara, vaa kandambili, uulize "chumvi ya soseji", uone kama utakosa.

Mimi sikukosa. Leo asubuhi nimenunua kimfuko kwa shilingi 1,000, nimekiandika SUMU kwa peni nyekundu na kukiweka juu ya kabati. Hayo ndiyo maandishi pekee niliyoyaona tangu Machi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Muuza chips, Mabatini