Barua kwa mwanangu: Yeremia na hati ya shamba

Mwanangu mpendwa,

Jumapili tulipotoka ibadani ulinishika mkono pale getini ukaniambia, “Baba, siku hizi naenda kazini kutimiza masaa tu.” Sikukujibu. Watu walikuwa wengi, na jambo lenyewe si la kusemwa kwa kusimama. Nimelala nalo siku tatu.

Najua ofisi yenu ilivyo. Huu ni mwezi wa nne mfululizo mnalipwa nusu mshahara, wenzako watano wameshaondoka, na mliobaki mnaviziana, kila mmoja akijiuliza zamu ijayo ni ya nani. Nimepita hapo. Treni ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ilianza kubeba mizigo mwaka 2018, kisha mwaka 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya Nairobi ipande treni. Sisi watu wa kutoa mizigo bandarini tuliona mji ukinyamaza. Changamwe malori yalikaa tu, hayana pa kwenda. Katika yadi yetu majani yaliota kwenye nyufa za saruji. Ofisini tulikuwa tisa, tukabaki watatu.

Wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa. Niliwaombea watu, kisha Jumatatu nikakaa mezani kama maiti. Tumaini nililiacha kwenye benchi la kanisa.

Kilichonigeuza ni Yeremia 32. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, nabii mwenyewe yuko kifungoni, na Mungu anamwambia anunue shamba la jamaa yake kule Anathothi. Yeremia anajua mji utatekwa, ndiye aliyetabiri. Lakini tazama anavyonunua! Anapima fedha kwa mizani, shekeli 17. Anaita mashahidi. Hati moja inatiwa muhuri, nyingine inaachwa wazi, zote mbili zinawekwa katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Mimi karani nilisoma hapo nikaiona kazi yangu. Mtu ambaye mji wake unaanguka, na makaratasi yake yamenyooka.

Kesho yake nilikuwa na faili moja tu, kontena ya futi 20 ya mfanyabiashara mdogo wa Kitale, vipuri vya baiskeli. Niliikagua mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi, kama zamani. Namba ya sili, ile lakiri inayofunga mlango wa kontena, haikulingana: kwenye hati iliishia na 6, kwenye kontena yenyewe 8. Ingezuiwa getini, na mzigo ukikwama gharama zinapanda kila siku. Nauli sikuwa nayo, nikarudi bandarini kwa miguu, na kabla ya jioni kosa lilikuwa limesahihishwa. Hakuna aliyenipongeza. Mwenye mzigo hajui mpaka leo. Lakini nilipovuka Makupa kurudi nyumbani nilijikuta naimba, na sikuwa nimeimba kwa miezi.

Sitakudanganya: kampuni ile ilifungwa. Niliumia, mamako anajua nilivyoumia. Lakini Paulo anapomaliza kuwaeleza Wakorintho habari za ufufuo, hawaambii kwamba kazi zao zitadumu. Anawaambia taabu yao si bure katika Bwana. Kama Kristo amefufuka, basi ile namba ya sili Mungu anaijua, hata kama faili lenyewe limeshaliwa na mchwa.

Wala sikwambii unyamaze unyonywe. Kudai haki si kukosa imani. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema wakikuondoa kwa sababu kazi imepungua, wakupe notisi ya mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha. Uliza kwa adabu, uliza kwa maandishi, na ubaki na nakala. Yeremia naye alikuwa na nakala.

Na yule kijana wa kupeleka barua uliyesema anashinda na chai ya rangi, amenikaa moyoni kuliko hata bosi wenu. Kuanzia Jumatatu mamako atakufungia mahamri na mbaazi za watu wawili. Usimpe tu ukaondoka. Vuta kiti ukae naye mle pamoja, umuulize kwao ni wapi.

Babako,
Mikindani