Zangu bado unazo?

Tanga,
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Unacheka? Shuleni tulijaza nusu ukurasa kwa maneno hayo kabla hatujasema lolote.

Siku hizi nasoma barua za Emily Dickinson, yule mshairi wa Amherst, Massachusetts. Huyo salamu hana. Aprili 1862 alimwandikia Thomas Wentworth Higginson, mwandishi ambaye hata hawajaonana, na mstari wa kwanza tu anamuuliza kama ana nafasi ya kumwambia iwapo mashairi yake yako hai. Akatia manne kwenye bahasha. Sahihi hakuweka, jina aliliandika kwenye kadi, akaifungia ndani ya bahasha nyingine ndogo. Wewe uliyekuwa ukijificha chooni siku ya kusoma insha mbele ya darasa utamwelewa.

Higginson akaomba picha. Akajibiwa kwamba picha hakuna, ila yeye ni mdogo kama kindege, na macho yake yana rangi ya mvinyo anaouacha mgeni kwenye glasi. Siku mbili nzima nawaza huo mvinyo. Kwa nini uwe ule ulioachwa? Mwaka 1870 bwana akafunga safari kwenda kumwona, kisha akamwandikia mkewe kwamba hajapata kukaa na mtu aliyemmaliza nguvu kiasi kile, na anashukuru hawaishi jirani! Kuandikiana hawakuacha.

Toleo la 1958, juzuu tatu, lina barua 1,049. Ila alizoandikiwa yeye karibu zote hazipo. Alipofariki Mei 1886, mdogo wake Lavinia alizichoma, kama alivyoagizwa. Halafu akakuta mashairi, mamia kwa mamia. Hayo hakuagizwa kuyachoma, yakapona. Basi ukisoma ni kama kumsikia jirani akiongea na simu nyuma ya ukuta: anacheka, ananuna, wewe hujui kaambiwa nini.

Ndiyo maana nakuandikia. Barua zako za kidato cha tatu ninazo zote, kwenye mkebe wa biskuti. Zangu ulisema utazichoma ukiolewa. Kama hujazichoma, nitafutie ya Ramadhani ile. Yako inaanza, "Si kweli, na usirudie tena." Nilikuwa nimesema nini?

Wako,
Rehema