"Kila saa nane" si "kila baada ya masaa nane"

Bwana Mhariri,

Mgonjwa asiyefuata dawa huitwa mkaidi. Sisi tunaogawa dawa na kutafsiri hapa Bukavu tunaona kwamba mara nyingi aliambiwa vibaya.

Daktari ameandika kwa Kifaransa kwamba antibiotiki inywewe kila yakipita masaa 8. Aliye dirishani anatafsiri mbio: "Mama, unywe kila saa nane." Mama anasikia saa nane ya mchana, yaani 14h00. Anakunywa kinini kimoja kwa siku badala ya vitatu, homa inarudi, lawama inamwangukia yeye. Kusema sawasawa ni "kila baada ya masaa nane", kisha kutaja saa zenyewe: kumi na mbili asubuhi, nane mchana, nne usiku. Saa yetu inaanza jua likichomoza, ile ya Kifaransa saa sita usiku; kati yao kuna tofauti ya masaa sita. Na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, basi tangazo la redio la 20h00 kutoka kule, huku ni saa tatu usiku. Hata wasomi wanapotea hapo.

Kijiko nacho ni mtego. Cha chai kinabeba mililita 5, cha supu 15. Maji ya mtoto anayehara, kama hakuna pakiti ya dawa, ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe bila kilima. Ukisema "kijiko" tu, mwenye kijiko cha supu ataweka chumvi mara tatu, na chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Chupa? Nyingi za dukani ni lita 1 na nusu. Onyesha kwa mkono lita 1 inapoishia.

Halafu kuna lile swali "Umefahamu?" Jibu lake ni "Ndiyo, muganga", kwa sababu kumjibu hapana ni kama kumwambia hajui kueleza. Afadhali kujitwisha kosa: "Mama, labda sikueleza vizuri. Ukifika nyumbani utafanyaje?" Akikosea, usirudie maneno yaleyale kwa sauti kubwa; badilisha maneno.

Kwa anayesema Kimashi au Kilega tu, mtoto wake asifanywe mkalimani: kuna mambo mama hatayataja mbele yake. Sema sentensi moja au mbili, unyamaze, umtazame mgonjwa. Ukieleza dakika nzima ukarudishiwa "anasema sawa", ujue kuna kilichoanguka njiani.

Tunawaomba nanyi mchape saa za chanjo kwa njia zote mbili: saa tatu asubuhi, 9h00, saa ya Bukavu.

Wauguzi wawili na mkalimani,
Bukavu