Kwa Zuhura, kuhusu nyumba ya Buruburu

South B, Nairobi

Zuhura mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji, kwa watoto, na hasa kwa mama mkwe wako. Nimefurahi mno kwamba ile nyumba ya Buruburu sasa ni yenu na kwamba Desemba mtakuwa mmeshahamia huku. Umeniuliza kama mumwajiri mbunifu wa mambo ya ndani, au mtafute fundi hodari mjipangie wenyewe, na ukaniambia shemeji anaona kumwajiri mbunifu ni kutupa pesa. Nimelifikiria sana, maana najua pesa hizo mlivyozipata.

Mimi naona mumwajiri, lakini kwa yale tu yanayoingia ndani ya ukuta na chini ya sakafu: maji, stima, makabati ya kujengewa, na mpangilio wa vyumba. Na awe amemaliza michoro kabla fundi hajagusa nyundo. Mapazia, makochi, zulia na rangi mtachagua wenyewe, na mtachagua vizuri.

Nilipoipitia nyumba na shemeji, kilichonikaa moyoni ni ngazi. Vyumba vyote vya kulala viko juu, na mama magoti yake unayajua. Je, stoo na ile pembe ya meza ya kulia vinaweza kuwa chumba chake? Kile choo cha chini kinaweza kupanuliwa apate pa kuogea akiwa ameketi? Dirisha lake litapata jua la asubuhi? Usilione hili la mwisho kuwa dogo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Julai vigae ambavyo huko Mombasa vinakuburudisha miguu, hapa vinakuumiza mifupa. Fundi ukimwambia ajenge chumba atakijenga, na kitakuwa chumba. Lakini kukaa na mchoro akazisumbukia pembe zote hizo kwa pamoja, hiyo ni kazi ya mtu mwingine, na inastahili kulipwa.

Dada yangu wa Lang'ata alimchukua mbunifu kwa ajili ya jiko peke yake. Siku ya kwanza yule mama hakutaja rangi wala hakutoa picha. Alimwomba dada asukume chapati pale pale mezani, kama anavyosukuma siku zote, naye akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Kaunta nyingi hujengwa kwa kimo cha sentimita 90 hivi. Dada ni mfupi, kwa hiyo upande wa kukandia unga ukaandikwa 84. Kisha akamfungulisha mlango wa friji kuona kama unagonga mtu aliyesimama kwenye sinki. Fundi angeijenga kwa 90 kama anavyojenga kila mahali, wala usingeweza kumlaumu. Leo dada anapika chapati za wageni wote wa Idi bila mabega kumuuma.

Mwambie shemeji pia kwamba mchoro wenye vipimo unamwokolea pesa. Bila mchoro, mafundi watatu watakupa bei tatu za kazi tatu tofauti, na huwezi kuzilinganisha. Mkiwa na mchoro na orodha ya vifaa, wote wanapigia hesabu kitu kimoja. Kwenye orodha hiyo hakikisheni imeandikwa mbao gani itakaa chini ya sinki. MDF ya kawaida, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ikilowa huvimba, na mara nyingi wanaweka hiyo hiyo kila mahali.

Kuhusu malipo, wako wanaotoza kwa mita ya mraba, wako wa asilimia ya gharama yote, na wako wa bei moja mliyopatana. Kwa nyumba kama yenu nawashauri bei moja. Wa asilimia, kila mkinunua kitu ghali zaidi naye anapata zaidi, na hata akiwa mwaminifu mtabaki na shaka. Mwulize waziwazi kama maduka atakayowapeleka yanampa kamisheni. Mlipe kwa awamu, kila awamu baada ya kuona kazi, na yote yawe kwenye maandishi.

Msiridhike na picha za simu. Wasanifu majengo husajiliwa na bodi ya BORAQS na unaweza kuwaulizia huko. Kwa mbunifu wa ndani, cheti cha kutegemea ni kazi zake. Omba mwende kwenye nyumba aliyoimaliza miaka miwili iliyopita, fungua droo, inama uangalie chini ya sinki, umwulize mwenye nyumba kuhusu jiko lake. Na akisema ukuta ubomolewe, hapo aletwe mhandisi aliyesajiliwa na kibali cha kaunti kitafutwe kwanza, hasa kwa kuwa mmeshikana ukuta na jirani.

Makochi tutayafuata Ngong Road kwa wale mafundi wa kando ya barabara, ambao ukiwapa kipimo wanakifuata. Mapazia na zulia Eastleigh. Kabla ya kuagiza, tandaza kurasa za Taifa Leo sakafuni kwa ukubwa wa kochi lenyewe, kisha umwombe mama apite na mkongojo wake.

Sasa, dada wangu, kabla hujampigia mbunifu yeyote, andika jinsi kila mtu wa nyumbani anavyoishi siku yake: nani anaamka kwanza, mama anasali wapi, watoto wanafanyia wapi kazi za shule, wageni wa kulala huwa wangapi. Nitumie nami nakala. Yule mbunifu wa dada ninaweza kukuunganisha naye, ila zungumza na wengine pia. Shemeji aniachie funguo akirudi huko. Jumamosi nitaenda na fundi wa bomba afunue mifuniko ya maji taka tujue bomba linapita wapi, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua kama choo cha chini kitapanuka.

Wako akupendaye,
Nyambura