Kuzimu siyo jehanamu jamani

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, hili jambo linanikaa moyoni siku nyingi.

Juzi nilikuwa msibani, mhubiri akasimama akasema wafu wasiotubu wako kuzimu wanaungua muda huu, watu kimya. Tuliporudi mdogo wangu akaniuliza, sasa kaka, kwenye Imani ya Mitume si tunasema Yesu akafa, akazikwa, akashukia kuzimu, ina maana na yeye aliungua? Swali zuri sana, na kosa siyo lake, ni sisi wakubwa tunaochanganya maneno mawili.

Kuzimu ni neno letu kabisa la Kibantu, shina lake ni lilelile la mzimu na mizimu, yaani kule waliko wafu, wema kwa wabaya. Ndo maana watafsiri wa Biblia walilichukua kwa ajili ya Sheoli ya Kiebrania na Hadesi ya Kigiriki. Yakobo alipodhani Yusufu kaliwa na mnyama alisema atamshukia mwanawe mpaka kuzimu akiomboleza (Mwanzo 37:35), sasa nani ataamini Yakobo alimwona mtoto wake kipenzi yuko motoni? Imani yenyewe kwa Kilatini inasema inferos, yaani walio chini, kwamba Yesu alikufa kweli kama tunavyokufa sisi akawafuata wafu walipo.

Jehanamu ni kitu kingine. Limetufikia kupitia Kiarabu ila asili yake ni Kiebrania, Ge-Hinomu, bonde la Hinomu, lipo mpaka leo kusini mwa mji wa kale wa Yerusalemu. Huko watu waliwachoma watoto wao kwa ajili ya Moleki, mungu wa kipagani, hadi mfalme Yosia akapanajisi mahali pale ili isifanyike tena (2 Wafalme 23:10), na mi nikifika kwenye hiyo habari huwa nashindwa kuendelea kusoma. Ndo hapo jina la bonde likaja kuwa jina la adhabu.

Anayebisha asome Ufunuo 20:14, mauti na kuzimu vinatupwa kwenye ziwa la moto, sasa moto utatupwaje ndani ya moto?

Ombi langu, waandishi wenu wa safu ya dini wakimaanisha moto waandike jehanamu, na Pasaka ikikaribia mtuwekee makala moja ya kueleza Yesu alienda kufanya nini kuzimu, maana wengi wanaikiri hiyo Imani kila Jumapili na hofu ya bure.

Msomaji wenu