Zweig hakuwa mlowezi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu mashamba ya Bonde la Ufa imemtia Walter Zweig kapu moja na akina Delamere, wale Waingereza wenye mashamba makubwa, eti wote "walowezi". Hapo mmeteleza.

Zweig alikuwa wakili Leobschütz, mji wa Ujerumani enzi hizo, leo uko Poland. Wanazi walimnyang'anya kazi kwa sababu ni Myahudi. Mwaka 1938 akakimbilia Kenya. Mkewe na binti yao mdogo, Stefanie, wakamfuata. Hakupewa ekari hata moja. Alipata kibarua cha kusimamia shamba la mtu, wakili mzima aliyesomea sheria, si ng'ombe.

Vita vilipoanza Septemba 1939, Waingereza wakawatia kizuizini. Kosa lao? Ni Wajerumani! Kwao walifukuzwa kwa kuambiwa si Wajerumani, huku wakafungiwa kwa kuwa ndio wenyewe. Baadaye Zweig akavaa sare ya jeshi la hao hao Waingereza. Jamaa zao waliobaki Ulaya waliuawa.

Stefanie aliyaandika hayo katika riwaya ya 1995, na filamu yake ikapata Oscar mwaka 2003. Kuna mahali baba anampa Owuor, mpishi wao Mjaluo, joho lake jeusi la mahakamani. Shambani la nini? Owuor analivaa, anatembea nalo kwa madaha. Ukurasa ule nimeurudia mara kadhaa.

Sikatai kwamba ardhi ile ilikuwa ya kuporwa, na kwamba hata mkimbizi wa Kizungu alikuwa "bwana" mbele ya Owuor. Hilo liandikeni, tena bila kumung'unya maneno. Lakini mlowezi huja kukaa. Hawa mwaka 1947 walirudi Ujerumani, wakaanza upya Frankfurt, mji uliojaa vifusi. Baba akawa jaji, kati ya watu ambao juzi tu hawakutaka kumwona. Stefanie, wakati huo ana miaka 14 na ametoka shule ya bweni ya Kiingereza, ikabidi akijifunze upya Kijerumani cha kuandika. Kikamkubali: alikuwa mhariri wa kurasa za utamaduni katika gazeti la huko kwa miaka mingi, hadi gazeti lenyewe likafungwa. Alifariki 2014.

Mkiandika tena habari za familia hii, neno ni "wakimbizi". Na Owuor msimsahau. Makala yenu haikumtaja hata mara moja.

Msomaji wenu,
Nakuru