Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2024: keshi, floti na Lipa Namba

Ndugu wanachama, wakubwa shikamooni, rika langu salamu. Katibu kashauri taarifa hii niitume mapema kila mtu aisome kwanza, tusije tukakaa hadi giza kama mkutano uliopita ambapo ajenda mbili tu ndo zilikwisha. Hesabu za mfuko sizigusi humu, mhazini atakuja nazo na risiti zake. Mi naongelea kazi yetu ya uwakala wa pesa za simu hapa Ifakara ilivyokwenda, alafu kuna jambo moja la Lipa Namba, ile namba ya duka ambayo mteja analipia moja kwa moja kwa simu, ambalo najua litaleta kelele lakini nimeamua kulisema.

Mwaka ulianza na zile mvua za El Niño, njia za mashambani zikajaa maji na hadi mwezi wa nne wengi tulikuwa tunafungua kibanda kutimiza wajibu tu. Mpunga ulipoanza kuvunwa ndo tukakumbuka kwamba tuna kazi. Na hapa naomba tuelewane vizuri, maana watu wa nje wakisikia "pesa kwa simu" wanadhani noti zimeisha kazi. Mnunuzi wa Dar siku hizi haji na mfuko wa hela kiunoni, anamrushia dalali, dalali anamrushia mkulima wakiwa bado kwenye mizani, gunia la mwisho halijashonwa mdomo simu ishalia. Safi kabisa. Lakini baada ya hapo huyohuyo mkulima anakuja kibandani anataka keshi, kwasababu vibarua waliomvunia wanataka noti, mwenye pawatila anataka noti, mama aliyekuwa anawapikia shambani naye vilevile. Kwaiyo kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba wakala wa karibu na mashine za kukoboa simu yake inajaa floti, yani hela ya kazi iliyomo kwenye simu, na droo haina hata elfu kumi, na wa stendi huku anapokea keshi ya wasafiri na wafanyabiashara hadi anaogopa kulala nayo. Ikifika Januari inageuka, wazazi wanaleta hela za shule tuwawekee kwenye simu na floti ndo inakuwa dhahabu.

Ndo maana ule utaratibu wetu wa kubadilishana floti na keshi naona ndo kitu cha maana kuliko vyote tulivyofanya mwaka huu. Mtu wa stendi anatuma bodaboda na keshi, mtu wa mashineni anamrushia floti, inaandikwa kwenye daftari, inarudi siku hiyohiyo, hakuna anayepanga foleni benki nusu siku huku wateja wanahamia kwa jirani. Msimu wa mavuno uliopita wanachama waliokuwa kwenye utaratibu hawakufunga kibanda kwa kukosa keshi kama zamani. Tatizo ni wachache ambao "siku hiyohiyo" kwao ni wiki ijayo. Majina hayatajwi humu, wenyewe wanajijua na daftari linawajua.

Sasa kuna vijana walioingia kazini juzi wanaona hii kazi ilikuwepo tangu dunia iumbwe, naomba niwakumbushe kidogo. M-Pesa imeanza Kenya mwezi wa tatu 2007, kwetu Vodacom wakaileta 2008. Kabla ya hapo ukitaka kumtumia mama hela ya dawa Malinyi au Mlimba unampa kondakta kwenye bahasha, unamuomba Mungu na unamuomba kondakta. Alafu ikaja miaka ya kila mtandao na ukuta wake, mteja mmoja ana laini nne kwenye pochi, hadi 2014 kampuni zilipoanza kukubaliana pesa zivuke kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na Vodacom nao wakaingia 2016. Hilo la kuvukisha pesa Tanzania tulikuwa wa mwanzo kabisa Afrika na sijui kwanini hatujisifii.

Na kuna utafiti wa Kenya uliotoka 2016, wa Tavneet Suri na mwenzake William Jack, huwa naupenda kuutaja kwasababu unatuhusu sisi moja kwa moja. Walikadiria kwamba M-Pesa ilizitoa kaya kama 194,000 kwenye umaskini, ni asilimia 2 ya kaya za Kenya, na wanawake kama 185,000 waliacha kutegemea kilimo cha kujikimu wakaingia kwenye biashara. Sasa walipimaje? Hawakuangalia nani ana simu na nani hana, waliangalia mawakala wameongezeka kiasi gani karibu na makazi ya watu. Yani pale palipopata mawakala wengi ndo maisha yalipobadilika zaidi. Ukimsikia mtu anasema wakala ni mtu wa kukaa tu chini ya mwamvuli mwambie hayo. Simu bila mtu wa kukubadilishia iwe keshi kwa mkulima wa huku ni salio la kuangalia tu.

Ila tusijidanganye. Kamisheni yetu inatoka kwenye kuweka na kutoa. Pesa ikizunguka humohumo kwenye simu, kutoka kwa mnunuzi kwenda kwa mkulima kwenda dukani kwenda kununua luku, sisi hatupati hata senti. Na kila mwaka inazunguka zaidi. Mnakumbuka tozo ya miamala ya tarehe 15 Julai 2021, ilianzia sh 10 hadi sh 10,000 kwa muamala mmoja, wateja wakatukimbia kabisa, watu wakarudi kwenye bahasha na kondakta, na wengine tulidhani biashara imekufa. Septemba ikapunguzwa asilimia 30, 2022 ikapunguzwa tena, 2023 ya kutuma ikafutwa ila ya kutoa ikabaki. Mteja si mjinga. Kutuma kumepungua bei, kutoa bado kunauma, basi anaacha hela kwenye simu na analipia hukohuko. Wenye maduka ya pembejeo karibu wote wamebandika Lipa Namba ukutani, maduka ya dawa hivohivo, na siku hizi hadi muuza samaki wa sokoni anayo imeandikwa kwa peni kwenye boksi.

Kuna wanachama waliniletea hoja kwamba chama kikae na wafanyabiashara tuwaombe wasitumie Lipa Namba. Nimesikiliza, na jibu langu ni hapana. Wengi wetu tulikuwepo enzi za pantoni pale mto Kilombero, watu walijenga maisha yao yote kwenye foleni ya kuvuka, chai, mihogo, vocha, alafu daraja likaja na foleni ikafa. Kuna waliobaki wanalaumu daraja na kuna waliohama na meza zao wakafuata abiria wanaposhuka. Sisi ndo pantoni ya sasa. Mteja anayelipa mbolea moja kwa moja kwa simu kaokoa hela ya kutolea na hajatembea na noti, nchi nayo inafaidika, huwezi ukamwambia arudi nyuma ili wewe upate kamisheni.

Ninachopendekeza ni hiki. Kwanza kila mwenye kibanda anayeuza na kitu kingine, vocha, soda, vifaa vya simu, awe na Lipa Namba yake mwenyewe. Pili tuchukue uwakala wa benki wale ambao hatuna, maana mwenye duka anayepokea laki kadhaa kwa simu mwisho wa siku anataka kuzihamishia benki au kuzitoa, na huyo ndo mteja mkubwa kuliko watu kumi wa elfu tano tano. Tatu, na hili nalisema kwa kujua kwamba wengine litawakera, vibanda ni vingi mno mtaa mmoja. Pale karibu na soko mawakala wanapeana mgongo kabisa, huku vijijini mtu anapanda bodaboda ya sh 4,000 kwenda kutoa sh 20,000. Anayefikiria kufungua cha pili akifungulie huko.

Mtandao. Tarehe 12 Mei, ilikuwa Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Afrika Mashariki nzima intaneti ikawa ya kubahatisha. Wanaotumia programu ya kwenye simu janja walikwama, ila waliobofya *150*00# na menyu nyingine za nyota waliendelea japo kwa kusuasua, maana ile haihitaji intaneti. Na ilikuwa ndo mavuno yanaanza. Naomba kila mwanachama awe na kisimu cha batani chenye chaji hata kama ana simu ya laki saba. Mwezi wa 11 Tigo nao wakawa Yas na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, wateja bado wanaita Tigo Pesa, we wahudumie tu usianze kubishana nao.

Utapeli bado upo na umebadilika sura. Wale wa "tuma kwa namba hii" wote tunawajua, sasa wapo wanaomuwinda wakala mwenyewe. Mwanachama wetu mmoja alijiwa saa ya jioni foleni imeshona, kijana mtanashati anataka kutoa laki nne, meseji ikaingia imeandikwa vizuri kila kitu, jina, kiasi, hadi salio jipya. Alikuwa ashaanza kuhesabu noti akashtuka meseji imetoka kwenye namba ya kawaida, akafungua menyu akaangalia salio, salio lilelile la mwanzo. Kijana kuona vile akasema anapokea simu nje na hakurudi. Basi ndo sheria yetu, salio kwanza noti baadae, hata awe shemeji yako. Namba za matapeli zitumwe 15040.

Lingine linalonisumbua ni wazee. Tangu usajili wa alama za vidole, ule ambao mwisho wake ulikuwa Januari 2020, wazee wengi ambao hawakuwa na namba ya NIDA walisajiliwa laini kwa jina la mjukuu au jirani. Kuna bibi aliuza mpunga wake, hela ikaingia, mjukuu aliyesajili laini akabadilisha namba ya siri akaenda zake Morogoro mjini, bibi analia kibandani na kisheria laini siyo yake. Tunaweza kufanya kitu hapo, mzee akija mwambie abofye *106# muone laini ina jina la nani, ukikuta siyo lake muelekeze akabadilishe kabla ya mavuno.

Mikopo ya mtandaoni nimalizie kwa kifupi. Mwezi wa 11 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, zile zinazompigia shemeji na bosi wako simu kukudhalilisha ukichelewa siku moja. Najua humu kuna waliokopa huko ili kuziba floti. Mfuko wetu riba yake ni ndogo na hatutangazi mtu, njooni mkope hapa, ila na nyie mrudishe.

Mkutano mkuu ni baada ya mhazini kufunga hesabu, katibu atatangaza tarehe. Njooni na madaftari ya floti, ajenda ya kwanza ni wadaiwa, ya pili ni uwakala wa benki, na uchaguzi wa kamati utakuwa kabla ya chakula maana tunafahamiana, mkishakula mnaondoka.